Kufunga naweza, chipsi mayai zinanishinda: barua zenu kuhusu mlo

Wapenzi wasomaji, barua za mwezi huu nyingi zimegusa kitu kimoja, kujizuia mbele ya chakula. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana walioniandikia yanayofanana nayo ni wengi, wanaume hasa, na wengi wanajitukana kwenye barua zao, jambo ambalo linaniuma.

Shikamoo Anti. Mimi ni baba wa watoto wawili, miaka 38, nakaa Mbagala nauza duka la mtu Kariakoo. Juzi nilipima sukari kabla sijala kitu asubuhi ikaja 6.4, daktari akasema bado si kisukari ila nipunguze uzito, niache mafuta na vitu vitamu. Nina kilo 92. Anti nimejitahidi mno, asubuhi chai ya rangi tu bila kitafunwa, mchana najibana sili au nabugia kidogo nasonga, lakini nikishuka kituoni saa mbili usiku pale pana kijana wa chipsi, nikisikia harufu tu nimekwisha, nachukua zege la mayai mawili, mishkaki na soda baridi. Halafu nikifika nyumbani nakula tena ugali maana mama watoto kashapika sitaki ajisikie vibaya. Kinachoniumiza, Ramadhani nafunga mwezi mzima bila shida. Sasa huu si uroho kweli? Nidhamu nitaipata wapi?

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza umefanya jambo la maana kwenda kupima, wengi tunangoja mpaka miguu ianze kuwaka moto ndio tunakumbuka hospitali. Hiyo 6.4 kakuelewesha sawa, ukipima hujala tangu usiku, kuanzia 7.0 ndio inahesabiwa kisukari, kati ya 6.1 na 6.9 ni sukari iliyoanza kupanda, na hapo ndipo mtu anaweza kugeuza akarudi. Wala hauko peke yako, uchunguzi wa kitaifa uliofanyika hapa kwetu 2012 ulikuta kwenye kila watu 100 wa miaka 25 hadi 64 kama 9 hivi wana kisukari. Na kuhusu kurudi sikutii moyo tu, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo 2002, waliingia watu zaidi ya 3,200 wenye hali kama yako, kundi moja likafundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, lengo wapungue asilimia 7 ya uzito basi. Baada ya kama miaka mitatu, kwenye kundi hilo kuingia kwenye kisukari kulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo sita na nusu hivi. Si kilo 30, sita na nusu.

Sasa nidhamu. Unaniuliza utaipata wapi wakati umeshaniandikia mwenyewe kwamba unayo. Mtu anayekaa saa 13 na zaidi bila hata tone la maji, joto la Dar, Kariakoo ile yenye watu wanasukumana, siku 29 au 30 mfululizo, mtu huyo huwezi kuniambia hajiwezi kwa chakula, sikubali. Kwa hiyo tusiulize wewe una nini, tuulize Ramadhani ina nini ambacho Jumanne yako ya kawaida haina.

Ukiwa umefunga huamui kitu. Ulishaamua ulipotia nia, kwa hiyo ukipita mbele ya chakula saa tisa mchana kichwani hakuna ile kesi ya nile kidogo, nisile, leo ya mwisho, kesho naanza. Haipo mezani kabisa. Halafu unajua mwisho ni saa ngapi, adhana ya magharibi ikilia basi. Halafu nyumbani wamefunga, jirani kafunga, hakuna anayekuuliza mbona huli. Na kitu cha nne ambacho watu wanakisahau, ulikula daku. Umeamka usiku usingizi ukiwa mtamu ukala ili mwili usimame mchana. Sasa angalia siku zako za kawaida mwanangu, unashinda na chai ya rangi, mchana hujala, yaani unafunga bila nia, bila daku, bila mwenzako wa kufunga naye, na futari yako unaifuata kwa muuza chipsi. Lazima uanguke. Yeyote angeanguka.

Hebu tupaangalie pale kituoni maana sote tunapafahamu. Karai limechemka, kijana anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki anakoroga kwa uma, anamwaga juu ya chipsi kwenye kikaango, ile sauti ya mafuta ya moto unaisikia kabla hujashuka, pembeni mishkaki inadondosha mafuta kwenye mkaa na moshi wake unakufuata mpaka mlangoni mwa daladala. Na yule kijana anakujua, anakuambia bosi kama kawaida, hujaitika yai limeshapasuka. Mtu mwenye njaa ya tangu alfajiri anasimama pale ashindane na nini? Tumbo likikaa tupu muda mrefu homoni ya njaa inapanda, na mwili wenye njaa kali hautamani mchicha, unatamani mafuta na chumvi na kitu kitamu, tena sasa hivi. Na ukianza kula, habari ya kushiba inachukua kama dakika 20 kukufikia vizuri, wakati zege la moto mwenye njaa analimaliza kwa dakika tano. Ndio maana unafika nyumbani na nafasi ya ugali bado ipo.

Kuna watafiti walifanya kazi Ujerumani, wakachapisha 2012, waliwapa watu wazima 205 kifaa kinacholia mara kadhaa kwa siku, kikilia unasema muda huu unatamani nini na kama unapigana na hiyo tamaa. Unajua wale wenye uwezo mkubwa wa kujitawala walikutwaje? Walikuwa na mapambano machache zaidi kuliko wenzao. Sio kwamba wanasimama mbele ya karai wanauma meno wanashinda, ni kwamba siku yao wameipanga hawafiki mbele ya karai na njaa. Hili naomba ulishike kuliko yote niliyokuandikia.

Kwa hiyo ninachokuomba cha kwanza ni ule. Ndio, ule, tena asubuhi na mchana. Asubuhi chai yako sawa ila weka kitu tumboni, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na yai la kuchemsha, hivi vinakaa. Mchana kwa mama lishe mwambie mama nipunguzie wali niongezee maharage na mchicha, wala hawakasiriki, wengi wanakuongezea mboga bila kukuchaji. Samaki, dagaa, kisamvu, bamia, vyote hivyo viko Kariakoo hapo hapo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na robo ndio wali au ugali, robo maharage au samaki. Halafu saa kumi, saa kumi na moja jioni kabla hujafunga duka, kula daku yako, ndizi moja na karanga pakiti ndogo au hindi la kuchoma, na maji. Usipande daladala na njaa. Ukilifanya hili moja tu utaona saa mbili usiku ile harufu unaisikia, inanukia vizuri kweli, lakini haikuamrishi.

Cha pili tia nia asubuhi. Mimi sikuambii chipsi ni haramu, ukizikataza moja kwa moja utakaa wiki mbili halafu utazila kwa hasira. Chagua siku, tuseme Ijumaa. Ijumaa nunua, yai moja, kachumbari nyingi, chumvi kidogo, beba nyumbani uweke kwenye sahani mle wewe na mama watoto mmekaa chini. Siku nyingine hazimo kwenye mjadala. Na yule kijana mwambie kabisa, mdogo wangu mpaka Ijumaa usinipasulie yai, atakuelewa, na ukishamwambia kwa mdomo wako itakuwa aibu kidogo kurudi Jumanne, hiyo aibu inasaidia. Kama njia ina taa na watu shuka kituo kinachofuata urudi kwa mguu, hapo unapata na dakika zako za kutembea. Kama usalama hakuna acha, tembea alfajiri au jioni ukiwa kwenu.

Soda ndio nakuomba iondoke hata hiyo Ijumaa. Geuza chupa usome lebo, soda nyingi za kola zina sukari gramu 10 na kitu kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni gramu 50 na zaidi, vijiko vya chai kama 12 au 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka mpaka 25 ni bora zaidi. Soda moja tu umemaliza yote, na chai yako hujahesabu.

Na mkeo. Hapa nitasema kwa msisitizo. Amepika, amekungoja, wewe umeshashiba njiani unakula kwa heshima, matokeo yake unakula milo miwili ya usiku kila siku kwa kumficha mtu ambaye angekuwa msaada wako namba moja. Umemwambia majibu ya kipimo? Kwenye barua sijaona. Mwambie leo, mwonyeshe karatasi. Ugali uwe mdogo, wa dona ukipatikana, mboga ziwe nyingi, mafuta kwenye mboga apime kwa kijiko asimimine kutoka kwenye dumu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Hapo hata watoto watafaidika. Na rudi kwa daktari tarehe aliyokupangia, muulize pia kama upime kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Ikitokea siku moja umeanzishiwa dawa za sukari, muulize kabla ya Ramadhani, maana kuna dawa zinazoshusha sukari sana mtu akifunga.

Habari Anti, mimi ni mama wa Morogoro. Mwanangu ana miaka minne hataki chakula, anataka biskuti na juisi za boksi tu. Namwambia ukimaliza ugali nakupa biskuti, anakula vijiko viwili anadai biskuti, nisipompa ni kilio mtaa mzima. Bibi yake anasema nimemdekeza. Nitamfundishaje kujizuia?

Salama mama. Kuna jaribio maarufu sana la miaka ya 1960 na 1970 kule Stanford, Marekani, la mwanasaikolojia Walter Mischel, mtoto anawekewa kitu kitamu mezani anaambiwa ukisubiri nikirudi nakupa viwili. Watu wakalikuza mno, wakasema mtoto anayesubiri atafanikiwa maishani. Baadaye, 2018, wengine wakarudia kwa watoto zaidi ya 900, ikaonekana ukishahesabu hali ya nyumbani kwao na mambo mengine ya utotoni, tofauti ile inabaki ndogo sana. Kwa hiyo usiogope kwamba mwanao kaharibika.

Ila kuna mawili kwenye majaribio haya napenda kila mzazi ayajue. Mwaka 2013 watafiti wengine walianza kwa kuwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja wakaletewa kweli, kundi jingine wakaambiwa samahani havipo. Ndipo wakawekewa kile kitu kitamu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani kama dakika 12, waliodanganywa dakika tatu. Mtoto aliyedanganywa ana akili zake, anajua cha mkononi ndicho chake. Kwa hiyo mama ukisema nakuletea ndizi, lete ndizi. Ukisema kesho, iwe kesho. Kusubiri kunaanza na kukuamini wewe.

La pili limetoka Afrika hii hii. Watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso huko Kamerun, familia za wakulima, waliwekewa vitumbua vyao vya kukaanga vinavyofanana na kaimati zetu, wakaambiwa wasubiri dakika kumi. Karibu asilimia 70 walisubiri, na watoto wa Ujerumani waliopewa jaribio hilo kwa pipi zao hawakufika asilimia 30. Wenzao walihangaika, wanaimba, wanazunguka, wa Nso wengi walitulia, wengine wakasinzia kabisa kwenye kiti. Kwao mtoto anazoea mapema kwamba nyumbani kuna utaratibu na mkubwa akisema kasema. Bibi yake ana hoja hapo, ingawa neno kudekeza ni kali, mimi ningesema tu nyumbani kwako chakula hakijawa na saa.

Basi panga saa. Asubuhi uji, saa nne tunda, mchana chakula, saa kumi tunda au kiazi, usiku chakula, katikati maji tu. Mtoto aliyekunywa juisi ya boksi saa sita hana njaa ya ugali saa saba, utamlaumu bure. Na biskuti isiwe zawadi ya kumaliza ugali, ukifanya hivyo umemfundisha kwamba ugali ni adhabu na biskuti ndio kitu cha thamani. Biskuti zisikae kabatini, asichokiona hakililii sana. Kilio kitakuwepo wiki ya kwanza, vumilia, kaa naye, usimpige usimlazimishe kijiko mdomoni, ondoa sahani kwa upole ngoja saa inayofuata. Kama anakonda, au kadi yake ya kliniki inaonyesha mstari unashuka, usingoje saa wala wiki, mpeleke akapimwe minyoo, damu na mengine.

Anti naomba jina langu lifichwe. Nina miaka 23. Mchana nakula kidogo mbele za watu lakini usiku wakilala naenda jikoni nakula mpaka tumbo linauma, mkate mzima, wali wa jana baridi, chochote, siwezi kusimama. Halafu najitapisha. Sasa ni mara nyingi kwa wiki. Najichukia.

Mwanangu mpendwa, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Huo si ulafi na si utovu wa adabu, ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, na wapo mabinti na vijana wengi wanaougua kimya kimya kwa sababu wanaona aibu. Sikupi ratiba ya kula wala orodha ya vyakula, usianze daiti yoyote, kujinyima mchana ndiko kunakolisha ule moto wa usiku. Kujitapisha mara kwa mara kunakula meno kwa asidi na kunashusha madini ya potasiamu mwilini, moyo unaweza kupiga vibaya, kwa hiyo ukisikia moyo unakwenda mbio, kizunguzungu, kuishiwa nguvu au ukiona damu kwenye matapishi nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vinginevyo wiki hii nenda kwa daktari, omba uunganishwe na kitengo cha afya ya akili, Muhimbili wanacho na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza. Kama kusema kunakushinda mpe hii barua uliyoniandikia aisome mwenyewe. Chagua mtu mmoja nyumbani umwambie, dada au mama mdogo, uende naye. Na ikifika mahali unafikiria kujidhuru, usikae peke yako, mwamshe mtu hata kama ni usiku wa manane.

Mambo Anti! Nimepungua kilo nane kwa kula vizuri na kutembea, presha imeshuka, najisikia mwepesi. Sasa tatizo ndugu, kila shughuli wananiambia umekonda unaumwa nini, wengine wananong'ona, halafu wananijazia pilau mlima na kunisimamia nimalize. Nisipokula naonekana nadharau.

Poa mwanangu, na hongera, presha kushuka kwa kula na kutembea ni kazi ya maana sana. Hayo maneno yanaumiza najua, kwetu kunenepa bado ni kupendeza na kukonda kunahesabiwa maradhi, tena ule mnong'ono wote tunajua unamaanisha ugonjwa gani. Usijieleze kwa kila mtu. Chagua shangazi au mama mkubwa mmoja mwenye sauti kwenye ukoo, kaa naye, mwambie nilikuwa na presha daktari kaniambia nipungue, nimepungua, mwonyeshe na vipimo, yeye atawasemea wengine na wewe utapumzika.

Shughulini usifike na njaa, kunywa maji na tunda kabla hujatoka. Usisubiri kupakuliwa, ingia jikoni mapema usaidie kupakua za wengine, yako utajiwekea mwenyewe, kachumbari nyingi, nyama vipande viwili, pilau kiasi chako. Kula polepole, ongea, sahani isiwe tupu mapema maana sahani tupu ndio inaita mwiko. Wakija kuongeza weka mkono juu ya sahani, msifie mpishi kwa moyo wote, mwambie nifungie nitaenda nalo nyumbani. Akikufungia pokea, ushukuru, kesho wagawie watu wa nyumbani.